Mafundi Ndani ya Mayai ya Furu

Seli inayoelekea kuwa yai hufanya jambo ambalo kwingineko mwilini lingekuwa balaa: huikata DNA yake yenyewe, nyuzi zote mbili, tena mahali pengi. Mkataji ni protini iitwayo SPO11. Hufanya hivyo ndani ya mwanadamu, na hufanya hivyo ndani ya jike la furu, samaki wa Ziwa Victoria, katika miamba ya Kisiwa cha Makobe. Sijui ufundi mwingine wenye ujasiri wa namna hii.

Ncha zilizokatwa haziungwi hovyo. Hupunguzwa hadi ubaki uzi mmoja mtupu, nao huongozwa kwenda kutafuta mfano wake katika kromosomu ya mzazi wa pili. Ukiupata hujilaza hapo, herufi kwa herufi, A kwa T na G kwa C. Mikato mingi huzibwa bila vipande virefu kuhama, lakini kwa kawaida kila jozi ya kromosomu hupata walau mbadilishano mmoja. Ikiukosa, kromosomu zinaweza kugawanywa vibaya na yai likaharibika.

Sasa, wazazi hawafanani kila herufi. Nyuzi zao zikilala pamoja, mahali fulani A hukutana na C, na mkunjo mdogo hutokea. Protini ya ukoo wa MutS huuhisi na kuushika, huiita ya ukoo wa MutL, kisha kipande chenye kasoro huondolewa na kujazwa upya. Paul Modrich alifumbua hatua hizi katika bakteria, akashiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2015. DNA inaponakiliwa, ukaguzi huo hupunguza makosa mara mia moja au zaidi.

Linalonigusa kuliko yote ni ukoo wa mafundi hawa. MSH4 na MSH5 ni ndugu wa MutS, ila hawakagui makosa: wao hushikilia kromosomu zilipokutana zisiachiane, na ndugu wa MutL, MLH1 na MLH3, hukamilisha mbadilishano. Ukoo ule ule unaolinda maandishi ya zamani ndio unaoyapanga upya.

Mwanza inaonyesha matunda ya upangaji huo. Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita, na tangu hapo zimezuka aina zipatazo 500 za furu. Makosa mapya ya kunakili peke yake hayawezi kuzaa wingi huo kwa muda mfupi hivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mababu zao walitokana na koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Naili ya juu, zilizochanganyika yapata miaka 150,000 iliyopita. Hata jeni ya jicho inayopokea mwanga mwekundu ilirithiwa katika sura mbili, moja kutoka kila upande.

Huko Makobe, furu aitwaye Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, hukaa chini zaidi, ambako mwanga umeelemea wekundu, na dume lake lina mgongo mwekundu. Nduguye wa rangi ya buluu hukaa juu. Jike huchagua dume kwa rangi. Lakini ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza, maji yalipochafuka mno, rangi hazionekani vizuri, na pale Kisiwa cha Luanso madume wengi ni wa rangi ya katikati. Ndani ya mayai ya huko mafundi wale wale wanaendelea kukata na kuunga chochote wanacholetewa.