Daftari la Bell na Msomaji Wake

Kitabu cha Seth Shulman, The Telephone Gambit, kilichotoka mwaka 2008, kimesimama juu ya ukurasa mmoja. Ni ukurasa wa daftari la Alexander Graham Bell la Machi 1876, lililohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mna mchoro wa mtu aliyeinamisha kichwa, akisema ndani ya chombo chenye maji yaliyotiwa asidi. Mchoro huo unafanana mno na ule wa Elisha Gray, ambaye hati yake ilifika ofisi ya hataza mjini Washington tarehe 14 Februari 1876, siku ile ile lilipofika ombi la Bell. Mwishoni mwa mwezi Bell akaenda Washington. Tarehe 7 Machi akapewa hataza namba 174,465. Tarehe 10 msaidizi wake, Watson, akaisikia sauti yake kwenye waya, kwa chombo cha maji.

Uzuri wa Shulman ni kwamba anasoma daftari kama wasomavyo miswada wajuzi wa tenzi kongwe: hatazami neno tu, hutazama pia lilikotoka. Kabla ya safari, Bell anahangaika na sumaku na vyuma vya kutetema. Baada yake, maji yanaingia ghafla.

Lakini kufanana si kuiba. Kwa barua ya Mei 1875 Bell alikwisha kumweleza Gardiner Hubbard, baba wa mchumba wake wa baadaye, wazo la kubadilisha ukinzani wa waya. Kweli, kifungu cha ukinzani kimeandikwa pambizoni mwa rasimu moja ya ombi, na pambizo hutia shaka. Ila watunzi wangapi hawajaongeza ubeti pambizoni? Shulman pia anamwamini kupita kiasi Zenas Wilber, mkaguzi wa hataza aliyeapa mwaka 1886 kwamba alimwonyesha Bell hati ya Gray. Wilber huyo alikwisha kuapa kinyume chake, na mwenyewe alikiri ulevi na deni kwa wakili wa Bell. Bell alikana. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1888, majaji wanne kwa watatu.

(Antonio Meucci, aliyeandikisha taarifa yake mwaka 1871 na baada ya 1874 asiihuishe, alifariki mwaka 1889, Baraza la Wawakilishi la Marekani likamkumbuka mwaka 2002.)

Hoja nzito zaidi ya Shulman inahusu kimya. Katika maonyesho ya Philadelphia, Juni 1876, Bell aliwasikilizisha watu kwa chombo cha sumaku, si kile cha maji kilichomfikia Watson. Shulman anaona humo soni ya mtu ajuaye alichokitwaa. Yamkini. Yamkini vilevile ni fundi aliyeyarudia mazoea yake. Hata hivyo kitabu hakijibu swali moja: mwenye soni hiyo aliuachiaje ukurasa ule ukae daftarini, mzima, hadi warithi wake walipoukabidhi maktaba?