Mkomamanga na Zamu ya Maji

Makomamanga yanayosifiwa zaidi nchini Oman hutoka Jabal Akhdar, katika mashamba membamba yaliyojengewa kuta za mawe ubavuni mwa mlima, tuta juu ya tuta, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Mvua ni haba na jua ni kali. Mti ukistawi hapo, jua kwamba nyuma yake yupo mtu mwenye subira.

Ustadi wake huonekana mti unapodhoofika. Majani yakisinyaa, mwenye pupa huukimbilia na ndoo kila jioni. Mkulima stadi kwanza huchimbua udongo pembeni mwa shina, aone unyevu umeshuka hadi wapi. Maji kidogo ya kila siku huilaza mizizi juu juu, penye joto, na hewa kavu inapoyafyonza huacha chumvi pale pale. Mti huona kiu huku umelowa.

Dawa yake imo katika falaji, mifereji ya kale iletayo maji ya chemchemi mashambani. Maji hugawanywa kwa zamu, na kipimo chake ni athar, takriban nusu saa; zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Zamu ikifika, maji huingia kwa wingi, huzama chini na kuisukuma chumvi mbali na mizizi. Kisha shamba hungoja. Mwaka 2006 UNESCO iliziweka falaji tano za Oman katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwangu mimi, anayejua kuyatumia maji hayo anastahili heshima iyo hiyo.

Maua yakidondoka, mkulima stadi hashtuki. Ua lililochongoka chini ni dume, halikuja kuzaa. Lenye kitako kipana ndilo la kutunzwa. Wakati wa baridi, majani yakiisha kupukutika, hung'oa machipukizi yanayoota shinani na kukata matawi makavu, basi. Vitawi vifupi vya zamani haviguswi, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba matunda, na mti uliopogolewa kupita kiasi huyaanika matunda yake juani yakaungua.

Kazi ngumu kuliko zote, naona, ni miezi ya mwisho. Tunda lililokaa na kiu hukakamaa ganda. Likinyweshwa ghafla, punje huvimba na ganda hupasuka. Hivyo kuanzia ua hadi mavuno ya mwisho wa kiangazi, kiasi cha nusu mwaka, mkulima halegezi wala hazidishi. Uaminifu huo wa kimya kimya ndio ninaoustahi kuliko utamu wa tunda lenyewe.

Nawe kama una mkomamanga unaoteseka katika nchi kavu, kabla ya kununua mbolea, chimbua udongo. Unyevu ukiwa umeishia juu, unyweshe kwa kina, tandaza majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa, kisha uache hadi udongo uanze kukauka. Usiung'oe kabla ya kuupa msimu mzima.