Mpangaji wa Mzunguko wa Longonot

Ukiutazama Mlima Longonot kutoka barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha, utauona mfupi. Kilele chake kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, lakini lango la hifadhi lenyewe liko kwenye mita 2,150 hivi, kwa hiyo kinachobaki kupandwa ni mita mia sita na ushei. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, kisha unashukia palepale ulipopandia. Jumla ni kilomita 13.4, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Kuigeuza hesabu hiyo iwe siku njema kwa watu kumi na zaidi, kila mmoja na miguu yake na pumzi yake, ni ufundi, nao haupewi sifa unazostahili.

Nimejifunza kuuthamini kwa kumtazama mwalimu mmoja mstaafu wa Jiografia anayewapeleka vijana milimani. Hana haraka. Siku kadhaa kabla ya safari hutandaza mezani ramani ya kipimo cha 1:50,000, akazifuata kontua kwa ncha ya penseli. Zinapobanana huweka nukta: hapo mazungumzo yatakatika, watu wataanza kuhema. Zinapoachana huandika neno moja, “chai”.

Muda huukadiria kwa kanuni ya mwaka 1892 ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti: saa moja kwa kila kilomita tano za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Longonot inatoka kama saa tatu na dakika arobaini, bila kuhesabu vilima vya ukingoni. Mwalimu huiandika, halafu huanza kuisahihisha kwa jinsi anavyoujua mlima. Longonot ni volkeno, na udongo wake ni majivu. Kiangazi majivu hayo huwa vumbi laini linalomeza kiatu hadi kifundoni. Mvua nazo zimeichimba njia sehemu nyingi ikawa mfereji mwembamba wenye kuta zinazofika kiunoni. Humo huwezi kumpita mwenzako. Unakanyaga, unyayo unateleza nyuma kidogo, unakanyaga tena. Kwa hiyo huongeza saa nzima kwa sababu ya vumbi, na nyingine ya mapumziko, picha na kukung'uta viatu. Masika vumbi hilohilo huwa utelezi, naye huongeza tena, au huahirisha.

Kinachonivutia zaidi ni namna anavyochagua upande. Njia ya kutoka langoni hufika ukingoni upande wa kaskazini, na hapo kila kundi husimama kwa mshangao: shimo kubwa la duara, chini msitu wa miti iliyosongamana, mvuke ukifuka hapa na pale kwenye kuta. Wengi huondoka kuelekea popote wenzao walikoelekea. Yeye alishaamua mezani kwake: kulia. Kilele kiko magharibi, na ukienda kulia unakutana nacho mapema, miguu ingali na nguvu. Ukienda kushoto unautembea ukingo wa mashariki na kusini kwanza, ndipo unafika kwenye mwinuko mkali jua likiwa utosini na chupa ya maji imebaki robo.

Kuna sababu nyingine, na hii inaonyesha kwamba anawapenda watu anaowaongoza. Asubuhi jua liko mashariki, nyuma ya mgongo wa anayetazama Ziwa Naivasha kutoka ukingo wa kaskazini-magharibi. Ziwa linaonekana lote, na upande wa magharibi miamba ya Hell's Gate imechorwa waziwazi. Kundi linapomaliza upande wa kusini, ambako Mlima Suswa hujitokeza kwa mbali, jua limeshavuka utosi. Wakifika mashariki, mwanga unaanza kuupiga uso wa ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Kinangop. Mtembeaji hajui kwamba kila upande ameuona katika saa yake. Anajua tu kwamba mandhari yalikuwa mazuri siku nzima.

Kuhusu mizigo hana maneno mengi. Mlimani hakuna maji, hivyo kila mtu hubeba lita tatu. Viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, kofia, kitambaa cha kuzuia vumbi puani. Mwenye mwendo wa pole humweka mbele, na kijana mwenye nguvu kuliko wote humweka mkiani, amri yake ikiwa moja: asimpite mtu yeyote.

Kisha kuna jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau. Kwenye njia ya kwenda na kurudi, kila hatua unaweza kugeuka, na nyumbani panabaki umbali uleule uliokwisha kutembea. Mzunguko hauko hivyo. Ukishafika upande wa pili wa kasoko, kurudi na kuendelea ni mamoja, na aliyeteguka mguu hapo ana safari ndefu pande zote mbili. Kilele ndipo mahali pa mwisho ambapo kurudi bado ni kufupi kwa wazi. Ndiyo maana mwalimu huandika saa ya kilele na kuipigia mstari: wakianza saa moja asubuhi, mtu wa mwisho awe juu kabla ya saa tano. La sivyo, kundi zima hurudi kwa njia liliyojia, bila mjadala, kwa sababu mjadala ulimalizwa siku ile ramani ilipokuwa mezani. Nimewaona vijana wakinung'unika kwa uamuzi huo. Mchana mawingu yalipofunga na radi ikaanza kulia juu ya ukingo ule usio na mti wa kujificha, walikuwa wamekaa karibu na lango wakila viazi.

Ukialikwa Longonot, au mlima wowote wa kuzungukwa, muulize anayekuongoza kabla hujalipa nauli: mtaamua kugeuka mkiwa wapi, na saa ngapi? Asiye na jibu, mwambie akalitafute kwanza kwenye ramani.