Sifa za Mwandika Mabango

Ukitoka Msamvu, Morogoro, na kushika barabara ya Dodoma, mtaa wa Kihonda unajitambulisha kwa maandishi kabla hujamuuliza mtu njia. Kinyozi. Saluni ya kike. Tunaziba pancha. Chakula kipo. Maneno haya yako ukutani, kwenye bati, kwenye mlango wa mbao, na mengi yameandikwa kwa brashi na mtu ambaye jina lake halipo popote. Tangu Juni 14, 2024, treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Mgeni anayeshukia stesheni ya Kihonda akishayapita mabango ya shirika la reli, anayemwongoza mtaani ni fundi huyo. Nasema kwa moyo wote kwamba kazi yake ni sanaa, na inastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule tunaoupa ushairi.

Chukua maneno ya kila siku: TUNAKOBOA NA KUSAGA. Ukuta wa mashine ya kusaga haukujengwa ili uandikwe. Una dirisha, una nyufa, una mlango unaofungukia nje. Fundi anausugua kwa msasa, anapaka rangi ya chini, anaiacha ikauke. Anapigilia misumari miwili, anafunga uzi uliopakwa chaki, anauvuta na kuuachia, mstari umepatikana. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Maneno hayo yana A tano, na A ina mabega membamba na miguu iliyotanuka. Ukiitenga na jirani zake kwa nafasi ileile ya N, neno litaonekana limeachana katikati. O mbili za “tunakoboa” lazima zivuke mstari kidogo, juu na chini, la sivyo zitaonekana zimedumaa hata kama futikamba inasema zinalingana na nyingine. Wachora herufi wa dunia nzima wanaijua kanuni hiyo. Mtaani inarithishwa kwa kusimama kando ya fundi mwenye uzoefu, kumwoshea brashi kwa tina na kumtazama. Fundi huanza asubuhi, kwa sababu ukuta ukishapata jua rangi ya mafuta huwa nzito na brashi inakwama. Kidole cha mwisho kinagusa ukuta ili mkono utulie, kisha brashi inashuka mara moja, bila kusita.

Kompyuta inanyoosha mstari kuliko mkono wowote, kwa hiyo unyoofu peke yake haunishangazi. Ninachokienzi ni uamuzi. Mwenye mashine anataka kila kitu kiandikwe: huduma, saa za kazi, namba mbili za simu, na shukrani kwa Mungu. Fundi anarudi nyuma hadi ukingo wa barabara, anautazama ukuta, anamwambia, “Mzee, mtu wa bodaboda hayasomi yote haya. Tuweke KUSAGA kubwa, namba moja, basi.” Huo ni uhariri. Mtu huyu anamjua msomaji wake, anajua anapita kwa kasi gani na jua linampiga upande upi.

Bango la kuprinti halina mazungumzo hayo. Ni la haraka, na simlaumu mwenye duka anayelichagua, kwa kuwa biashara haingoji rangi ikauke. Lakini linakuja na herufi zilezile za Mbeya na Mwanza, na picha ya chakula ambacho jiko lile halijawahi kupika. Zaidi ya hapo, kampuni kubwa zinapaka kuta za maduka bure kwa rangi zao, na jina la mwenye duka linabanwa kwenye kona. Hapo swali la sanaa linageuka kuwa swali la mamlaka: sura ya mtaa ni ya nani?

Kumsifu fundi si kumfumbia macho. Tazama vichwa vinavyochorwa kwenye kuta za vinyozi: wanamuziki wa Marekani, wachezaji wa mpira wa Ulaya, wasanii wa Bongo Fleva. Tazama saluni ya kike, ambako mara nyingi mwanamke anachorwa mweupe, nywele zimelala hadi mabegani. Kuta hizi zinatuambia tunatamani kufanana na nani, na matamanio hayo yana historia ndefu ya sisi kudharauliwa. Mhakiki akimheshimu mchoraji, atamuuliza swali hilo ana kwa ana, kama anavyomuuliza mwandishi wa riwaya.

Tumeshaona brashi ya mtaani ikifika mbali. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za mafuta kwenye hadibodi jijini Dar es Salaam, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Chéri Samba alijifunza kazi kwa wachora mabango wa Kinshasa, akafungua karakana yake mwaka 1975, na kufikia 1989 kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Hata huko hakuacha kuandika maneno ndani ya picha zake.

Morogoro inajua namna ya kumkumbuka fundi. Wanamuziki wake, Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, walirekodiwa, majina yao yakaandikwa kwenye santuri, na leo tunaweza kuzijadili nyimbo zao. Ukuta hauna santuri. Mvua, chokaa mpya au kampuni ya simu ikifika, kazi ya miaka inafutika bila hata picha moja. Wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, wanaweza kuzipiga picha kuta hizi na kuziandikia uhakiki. Sisi tunaowapa mafundi kazi tuna wajibu mwepesi zaidi: tumlipe fundi bei ya haki, kisha tumwambie aandike jina lake chini ya bango.