Huzuni katika nyimbo za dansi: «Mokolo nakokufa» wa Rochereau

Watu wengi hufikiri kwamba wimbo wa dansi ni wa kufurahisha miguu tu, wala hauna neno la kumfundisha Mkristu. Sisi tunaona namna nyingine. Mwenye kutaka kuhukumu wimbo, asikilize kwanza maneno yake.

Kule Argentina, mwaka 1917, Carlos Gardel aliimba «Mi noche triste», maneno ya Pascual Contursi. Mwanaume ameachwa na mpenzi wake. Chumba chote kinahuzunika pamoja naye, hata gitari na taa. Tangu wimbo ule, tango ilishika desturi ya kusimulia majonzi ya moyo. Kwetu Kongo, rumba nayo ilijua kucheza na kulia pamoja. UNESCO imeziandika zote mbili katika urithi wa watu wote, tango mwaka 2009, rumba mwaka 2021.

Lakini katika «Mokolo nakokufa», yaani Siku nitakapokufa, wimbo wa Lingala wa miaka ya 1960, Tabu Ley Rochereau anapita mbali kuliko Contursi. Yule wa tango analilia mwanamke mmoja. Rochereau anauliza ni nani atakayemlilia. Kwa kuwa hajui, anajililia mwenyewe. Halafu sauti ile moja inakuwa ya watu wengi: maskini, tajiri, ndumba, mlevi. Mbele ya kifo, kila mmoja anakumbuka kile alichoshikamana nacho: tajiri feza zake, malori yake, na watoto aliowatuma Ulaya, mlevi glasi yake. Mtunzi hamlaumu hata mmoja. Anawaacha waseme, nasi tunasikia moyo wao umefungwa wapi. Je, Mhubiri hakufundisha vile vile? Na sisi, kabla ya kuungama, hatujiulizi swali lile lile?

Wengine watasema: wimbo huu hautaji ufufuko. Ni kweli. Lakini Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, na Kanisa linaisali. Wimbo siyo katekisimu. Kasoro tunaiona mahali pengine: sauti ya Rochereau ni tamu mno, na huzuni tamu yaweza kumfanya mtu apende machozi yake mwenyewe, asahau marehemu wa jirani.

Kwetu hapa Lac Vert hatari hiyo siyo maneno matupu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia wakimbizi wa Lac Vert na Mugunga. Watu wale hawakuwa na malori ya kukumbuka. Vita ilikuwa imewatenga na vijiji vyao na jamaa zao. Kwa hiyo swali la wimbo lilikuwa swali lao kweli. Mwimbaji hawezi kulijibu. Linajibiwa na jirani anayekuja matangani, anayechota maji, anayebeba sanduku, anayesali rozari usiku kucha. Bwana Wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atamfufua.

Basi, ndugu waseminari, tusiwakataze Wakristu wimbo huu. Tuusikilize pamoja nao, tuwaeleze maneno yake. Lakini disiki ikikwisha, tusibaki tumekaa na machozi yetu: tusimame, twende kwa wenye kufiwa.