Udhaifu wa Istilahi "Tamthilia ya Muziki"

Miongoni mwa maandishi yanayowasumbua wafasiri wetu ni miongozo ya marejeo inayoorodhesha michezo ya jukwaani ambayo hadithi yake huendelezwa kwa mazungumzo, nyimbo na ngoma. Sanaa hii si ngeni kwetu. Nchini Uganda, Byron Kawadwa alitunga "Oluyimba lwa Wankoko", mchezo uliopelekwa Lagos mwaka 1977 katika tamasha la sanaa za watu weusi. Aidha, tangu mwaka 1997 jukwaa la New York limewaonyesha Simba, Rafiki na Pumbaa katika "The Lion King". Wageni wameazima majina kwetu, ilhali sisi bado tunasitasita kuutaja mchezo wenyewe.

Wapo waandikao "tamthilia ya muziki". Istilahi hii ina upungufu, kwa kuwa neno muziki, katika matumizi ya kila siku, humpeleka msomaji kwenye bendi na ala. Uchezaji huachwa nje. Wengine wangependa kusema "ngoma" basi. Lakini mwalimu wa Kasoli, wilayani Bariadi, atalikataa neno hilo. Yeye anaishi katika Usukuma, ambako Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, kila upande ukijitahidi kuwavuta watazamaji kwake. Mashindano hayo hayahitaji hadithi moja inayoanza, kukua na kufikia kikomo. Kuuita mchezo wa jukwaani ngoma ni kuvipotosha vyote viwili.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno "mtunzi". Tuchukue "Oklahoma!" ya mwaka 1943. Richard Rodgers alitunga muziki, Oscar Hammerstein akaandika mazungumzo na maneno ya nyimbo, naye Agnes de Mille akapanga ngoma. Mwongozo unaoandika "Mtunzi: Rodgers" huwadhulumu wawili. Katika ngoma za Kisukuma hali ni kinyume: manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga maneno na sauti, kisha huongoza yeye mwenyewe uwanjani. Orodha inayotaja jina la kikundi pekee humfuta. Wala hili si suala la maneno matupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi. Je, asiyeandikwa popote atadai kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo tunapendekeza "tamthilia ya nyimbo na ngoma". Neno tamthilia linabeba hadithi, na mengine mawili yanaeleza njia za kuisimulia. "Opera" ibaki opera, kwani humo karibu kila kitu huimbwa. Katika kila ingizo la mwongozo ziwepo nafasi nne: mwandishi wa mchezo, mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno ya nyimbo, na mpangaji wa ngoma. Neno manju tusimpe Rodgers. Libaki kwa mtu anayetunga na kuongoza papo hapo, na maofisa utamaduni waliweke katika fomu zao za mashindano.

Tunakiri kwamba istilahi hii ni ndefu. Hata hivyo, urefu ni kasoro ndogo kuliko upotoshaji. Tunawaomba wafasiri na walimu waijaribu katika kazi zao, na mwenye istilahi fupi isiyomwacha mtu nje atuletee.