Gurnah Alivyomrudisha Askari Nyumbani

Nguvu ya Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, imo katika mpangilio wake. Sehemu ya kwanza ni ya karani Khalifa, na ya Ilyas na dada yake Afiya. Hamza anaingia katika ya pili, kijana aliyejiunga na Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani Afrika Mashariki, akimkimbia tajiri aliyewekwa kwake rehani kwa deni la baba yake. Tunakaa naye kambini, tunamfuata katika Vita vya Kwanza vya Dunia chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, tunamwona akikatwa upanga nyongani. Na anayemkata si adui, ni Feldwebel wake mwenyewe, sajini wa Kijerumani.

Ndipo, katika sehemu ya tatu, anaposhuka bandarini akichechemea. Mfanyabiashara Nassor Biashara anampa kazi, kwanza ghalani, kisha kwenye useremala. Khalifa anamdadisi, anaambulia majibu mafupi. Huo ndio ufundi wenyewe: sisi wasomaji tunajua, walio karibu naye hawajui. Kimya cha Hamza hakihitaji maelezo, kwa kuwa yaliyomo ndani yake tumeshayaona. Kama Gurnah angeanza na kurudi, kisha akatudondoshea vita kidogo kidogo kama kumbukumbu, tungesoma tukisubiri siri ifichuke. Hapa hakuna siri. Kuna mtu anayepiga kelele usingizini, na mke aliye kando yake.

Mke huyo, Afiya, naye ana mkono uliovunjwa utotoni kwa kosa la kujua kuandika. Gurnah halinganishi majeraha hayo mawili, wala hampi yeyote kati yao hotuba. Anawaacha wapendane, basi.

Hatua ya kijasiri zaidi inakuja baadaye. Jeraha linahamia kwa mtoto wao, Ilyas, aliyepewa jina la mjomba aliyepotelea vitani, naye anaanza kusema kwa sauti ya mwanamke. Anaitwa shekhiya wa kupunga pepo. Gurnah hadhihaki uganga huo, wala hatuapii kwamba umeponya. Anauheshimu kama njia ambayo watu wa mwambao walikuwa nayo ya kuyataja maumivu yasiyotajika.

Kasoro ninaiona mwishoni. Kurasa za Ujerumani, ambako hatima ya mjomba inajulikana, zinakwenda mbio mno, karibu ziwe taarifa ya ofisini. Msiba mkubwa namna ile ulistahili nafasi.

Askari wetu wa Tanzania walirudi pia kutoka vita vya Kagera vya 1978–1979, wengine na ndoto kama za Hamza. Mwandishi anayetaka kuwaandika aisome sehemu ya tatu ya kitabu hiki polepole, kalamu mkononi.